Ukungu wa Petersburg

Petersburg, 14 Septemba 1897
(kwenu huko ni tarehe 26, maana Warusi hata kalenda wanaikokota kwenye theluji)

Dada yangu Domitilla, mkubwa wangu na mchapa viboko wangu tangu utotoni,

Nakubusu shavu la kulia, na la kushoto, na la kulia tena. Mimi ni mzima, tumbo limekuwa la askofu, na fundi amezifumua nguo zangu zote ubavuni. Kama nawe u mzima, wewe na binti yako Nives na mumewe na yule mbuzi mkorofi, basi shukrani zimwendee Mungu na Mtakatifu Antonio, wagawane wao kwa wao.

Unaniandikia kwamba kinyozi wa Cittadella anauliza mbele ya wateja kama ndugu yako ni mwanamuziki au mcheza ngoma. Mwambie aweke wembe chini asije akamkata mtu sikio, kisha umsomee haya.

Mimi, Evaristo Marangon, niliyefukuzwa shule ya padri kabla sijajua kugawanya, nilitoka kwetu nikiwa mpiga zumari wa bendi ya jeshi. Nikajiunga na kundi la waimbaji wa opera. Tukaimba Trieste, tukaimba Odessa, tukafika Petersburg tumebaki nusu, wengine wameolewa njiani. Kiongozi wetu wa okestra akashikwa na homa ya mapafu. Nani aliyeijua opera nzima kwa kichwa, tangu fidla hadi ngoma kubwa? Zumari. Nikapewa fimbo jioni ile, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuiomba irudi.

Baadaye wakubwa wa jumba la maonyesho wakanihamishia kwenye balee, hadithi inayochezwa kwa miguu bila kuimbwa, kwa sababu mabwana wa muziki wa Kirusi waliona ni kazi ya cherehani. Na ni kweli, ni ya cherehani. Yule mzee Mfaransa anayetunga michezo huja na kipande chake cha karatasi: nipe mwanga wa mwezi wa vipimo thelathini na viwili vya muziki, halafu mlango ugongwe, halafu msichana alie kidogo, vipimo vinane, asizidishe. Mimi nakata, nashona, napiga pasi. Nimeshashona balee saba, na wachezaji wanasema muziki wangu haubani kwapani.

Kuongoza ndiko kazi yenyewe, na hapo kinyozi asikilize vizuri. Kwenye opera mwimbaji akipotea nitamtafuta kwa sikio. Kwenye balee, kazi ni macho. Huku kwetu kiongozi husimama mbele kabisa, kifua kwenye ukingo wa jukwaa, okestra yote mgongoni. Mchezaji akiruka, niko naye hewani. Wayo ukigusa ubao, fimbo yangu inashuka. Nikiwahi, namvunja kifundo. Nikichelewa, anabaki ananing'inia kama shati kwenye kamba.

Januari tunatoa balee yangu mpya, Mpishi wa Samarkandi, mbele ya Kaisari. Watu watalia, niamini.

Linalonikera ni moja tu, ukungu. Mwaka huu umewahi, tena umeingia mpaka ndani ya ukumbi, umekaa juu ya jukwaa kama mpangaji asiyehama.

Hivi kile chumba cha baba umekifanya nini? Nauliza tu.

Ndugu yako mnene,
Evaristo


Cittadella, 18 Oktoba 1897

Kwa mdogo wangu Risto,

Salamu zako zimefika, na busu la tatu nimempa mbuzi. Sisi hatujambo. Mahindi tumemaliza kumenya. Divai ya mwaka huu ni chungu, lakini hapa kijijini walevi hawajalalamika. Padri wetu, don Callisto, ameteguka mguu akimfukuza nguruwe wa parokia, sasa anasoma misa amekaa, na misa imekuwa fupi. Nives ana mimba ya pili. Kinyozi nilimsomea. Akasema, kumbe ni fundi cherehani, angesema mapema.

Baada ya hayo, nina neno.

Mwaka mzima unaniandikia ukungu. Mwezi wa Februari ukungu, sawa. Mwezi wa Juni ukungu, nikasema pengine huko ndivyo dunia ilivyo. Lakini mume wa Nives amefanya kazi ya kupaka chokaa katika mji huo huo. Nilimuuliza. Anasema Juni huko jua halizami, watu wanafunga madirisha kwa mablanketi ili wapate usingizi.

Baba naye alianza kwa kulalamikia ukungu. Ilikuwa Agosti, jua linachoma hata mijusi imejificha, naye amekaa mlangoni anauliza kwa nini leo bonde limefunikwa. Kisha akaanza kugonga bega la kushoto kila akiingia. Tukacheka, tukamwambia apunguze pombe ya grapa. Ulikuwa umeshaondoka wewe, hukuyaona. Jicho lilimfa kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayefunga mdomo wa mfuko kwa kamba.

Na mwandiko wako unapanda mlima.

Sasa nijibu kama ndugu, usinijibu kama maestro wa muziki. Ukinyoosha mikono pande zote mbili ukatazama mbele, unaiona mikono yako?

Dada yako,
Domitilla


Petersburg, 9 Novemba 1897

Kwa Domitilla, mfugaji na daktari mkuu wa viwavi wa hariri,

Nakusalimu kwa heshima zote, nawasalimu walevi, nampa pole padri na hongera nguruwe. Nives nimemnunulia shela ya sufu ya mbuzi, laini kiasi kwamba inapita ndani ya pete. Hali yangu ni nzuri. Jana nilikula chapati zao nyembamba za ngano, zile za mayai ya samaki, mpaka mhudumu akaenda kumwita mwenzake aje ashuhudie.

Dada, umenichekesha. Mikono yangu kwa nini niitazame? Naijua, ninayo tangu kuzaliwa.

Lakini kwa kuwa ukishika jambo huachi, nilikwenda kwa daktari wa macho, Mjerumani mwenye kidevu cha mbuzi. Akaniwekea mshumaa huku, akauweka kule, akaandika. Mwishoni akasema maneno marefu ya Kijerumani, na Kijerumani changu mimi ni cha kuagizia bia. Nikamlipa, nikaondoka.

Usipotaka kuuita ukungu, usiuite. Karatasi naisoma nikiisogeza puani, asubuhi, dirishani. Muziki ninao kichwani. Na wachezaji, hapo ndipo utakapojua ndugu yako si mtu wa kawaida, wachezaji nawaona kwa masikio. Mchezaji wetu mkuu, Olimpiada Vasilyevna, mwanamke mwenye miguu ya chuma na ulimi wa chuma vilevile, viatu vyake hutengenezewa Milano, ncha ngumu kama ganda la jozi. Akitua, ko. Akizunguka, ko, ko, ko. Wengine wote wanavaa vya hapa, vitambaa vitupu, wakitua ni kama paka ameshuka kabatini. Nami nimesimama pale ukingoni, pua yangu inakaribia ubao. Nikisikia ko, fimbo inashuka. Wiki nzima hii hakuna aliyejua, hata Vojta, Mcheki wangu wa fidla ya kwanza, ambaye hujua mpaka nimekula nini kwa jinsi ninavyopumua.

Kwa hiyo usiogope. Naweza kuongoza balee macho yakiwa mfukoni.

Hujanijibu habari ya chumba cha baba.

Evaristo wako


Cittadella, 6 Desemba 1897

Risto,

Sote wazima, shela imefika, Nives analala nayo. Leo ni Mtakatifu Nikolai, watoto wanapita na makengele.

Sikutaka kuandika upesi kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninayo.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilio kingekuwa chako peke yako ningenyamaza. Umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako: nikiwahi, namvunja kifundo. Kifundo cha nani, Risto? Cha binti wa watu. Yule wa viatu vya mti unamsikia. Na hao paka wako wa kabatini je, wao hawana mifupa?

Acha kazi kabla haijakuacha. Waambie wakubwa wako ukweli Krismasi hii, uondoke ukipigiwa makofi.

Kuhusu mambo ya nyumba, tutaongea siku nyingine.

Krismasi njema.
Domitilla


Petersburg, 19 Januari 1898

Dada Tilla,

Nakubusu. Natumaini nyote wazima. Mimi mwili hauna neno.

Leo sina mzaha, au ninao mdogo, utausamehe.

Mpishi wa Samarkandi tulimtoa juzi. Kaisari alikuwepo, na vifua vyote vyenye nishani. Sehemu ya kwanza ilikwenda kama siagi kwenye kikaango. Watu walipiga makofi wakataka wimbo wa masufuria urudiwe, tukaurudia. Olimpiada aligonga ubao ko, ko, nami nikawa naye kila alipotua. Nilikuwa nimeanza kutunga kichwani barua ya kukusuta.

Kabla ya sehemu ya pili, nyuma ya pazia, Olimpiada akakanyaga kijiko cha mbao, kimoja cha vile vya mpishi, mguu ukapinda. Wakamvalisha mavazi yake Glafira. Huyu Glafira ni msichana wa safu ya pili, mtoto wa dobi, hana maneno, anacheza taratibu na kwa upana kama anayefungua shuka. Amejifunza sehemu zote za Olimpiada kwa kutazama tu.

Sasa sikiliza desturi ya nyumba yetu. Mchezaji akibadilishwa katikati ya onyesho, hakuna anayetangaza kwa mdomo. Mchezaji mpya hutoka mbele ya pazia kabla ya muziki, humwinamia kiongozi wa okestra, naye humwinamishia kichwa. Maana yake: nimekuona wewe, nitakwenda mwendo wako. Kila mguu una mwendo wake, na kiongozi akishainamisha kichwa, ameapa.

Glafira akatoka, akainama. Mimi niliona cheupe kinashuka na kupanda. Nikadhani ni Olimpiada anayeomba makofi mengine, maana makofi hayamtoshi. Nikainamisha kichwa, tena kwa madaha.

Pazia likapanda. Nikasikia ko. Olimpiada, Mungu ambariki, kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amefanya wema. Alimvua mtoto vile vitambaa, akamvisha viatu vyake mwenyewe vya Milano, vimletee bahati.

Nikaachia mwendo wa Olimpiada. Ule mwendo wa kuzunguka ni wa mwanamke wa chuma, Tilla, mtu mwingine hauwezi. Nikasikia ko, ko, halafu ko ikachelewa. Nikadhani Olimpiada ananichokoza, huwa anafanya hivyo. Nikakaza. Halafu nikasikia kitu kizito kinaanguka juu ya ubao mbele ya pua yangu, na ukumbi mzima ukavuta pumzi.

Hakuvunjika. Kifundo kimevimba kama kiazi. Lakini alianguka mbele ya Kaisari, na ofisi imeshasema atarudishwa safu ya mwisho kabisa, wanakoshika mienge na kusimama.

Subiri, haijaisha. Hakuna aliyenidhania kipofu. Watu wote waliniona nikimwinamishia kichwa. Wanasema nilimwona, nikaapa, kisha nikamkimbiza makusudi ili kumfurahisha Olimpiada. Wapiga filimbi hawanijibu salamu. Vojta alikuja chumbani kwangu, akasimama. Akasema, "Evaristo, yule mtoto alikukosea nini?" Nikamwambia muziki ni muziki, asiyeuweza aende akafue nguo na mama yake. Nilisema hivyo, mimi.

Na jana Glafira mwenyewe alikuja, anachechemea, amejifunga kitambaa. Akaniuliza, "Maestro, kama kuna nililokukosea niambie, nikuombe radhi."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia afanye mazoezi zaidi.

Tangu jana sijala. Nikisema ukweli, kesho yake asubuhi mimi si maestro tena, ni mzee aliyewekwa kitini. Na kiti chenyewe kiko wapi, Tilla? Nimekuuliza mara mbili.

Evaristo


Cittadella, 12 Februari 1898

Mdogo wangu Risto,

Hatujambo. Nives amejifungua mtoto wa kiume, kelele zake ni za kwetu. Theluji imekaa siku nne ikaondoka.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nimechelewa kwa makusudi. Nilikwenda kwa don Callisto nimtafute wa kunishauri, nikamkuta analala, nikarudi.

Umeniuliza habari ya chumba mara mbili, na sasa mara ya tatu. Nami nilikuwa nakuandikia mahindi na nguruwe. Sasa nitakwambia.

Baba alikaa kipofu miaka tisa. Wewe ulituma samovari ya chai, ulituma manyoya ya mbweha, ulituma barua tukizisoma kwa sauti mpaka majirani wanafika dirishani. Mimi nilimwosha. Alikuwa akinirushia polenta ya mahindi ikiwa imepoa, na akinirushia ikiwa ya moto. Alikataa kushika kazi yoyote, hata kupukuchua mahindi, kazi ya kipofu kabisa ile, anasema yeye si mtoto. Wageni wakija anawaambia ana mwana Petersburg, anaongoza muziki wa Kaisari. Mimi nimesimama pale na beseni. Hakuwahi kuwaambia ana binti.

Alipokufa nilifurahi. Nililia kama watu wote, lakini ndani nilifurahi, nikafungua madirisha ya kile chumba, nikalala siku nzima. Hilo alikuwa analijua padri peke yake, sasa unalijua wewe.

Uliponiuliza habari ya chumba Septemba nilijua mara ile ile unachouliza. Na jibu langu lilikuwa hapana, Risto. Sina miaka tisa mingine. Nilishindwa kuliandika, basi nikanyamaza. Kumbe na wewe ulikuwa unaongoza kwa kusikiliza viatu kwa sababu mimi nimenyamaza. Sisemi kosa ni langu. La kusema uongo ni lako. Lakini mlango niliushika mimi.

Basi sikia. Chumba kipo. Kuanzia mwisho wa Aprili hakitakuwa chako peke yako, nakijaza vichanja vya viwavi mpaka darini, na wanatafuna usiku kucha kama mvua inayonyesha juu ya majani. Utalala nao. Majani ya mforsadi utayachambua wewe kwa vidole. Utajiosha mwenyewe. Polenta hairushwi nyumbani kwangu. Siku nikichoka nitasema nimechoka, na hutanuna. Na wageni wakija utawaambia una dada.

Ukiyakubali, njoo. Lakini huvuki kizingiti hiki ukiwa umemwachia yule mtoto wa dobi aibu yako aibebe. Mwambie yeye kwanza, kisha waambie waliokuona ukiinamisha kichwa. Wote.

Naogopa, lakini njoo.

Domitilla


Petersburg, 17 Februari 1898

Dada yangu Domitilla, ninayewaambia watu kwamba ninaye,

Nakubusu, na kitoto cha Nives nakibusu unyayo. Usishangae mwandiko umenyooka. Naegemeza kalamu kwenye rula, herufi zote zenye mkia zimekatwa mkia, wewe wabandikie.

Barua yako niliisoma dirishani mpaka kioo kikaingia ukungu wa kweli, wa pumzi yangu. Nayakubali yote. La kununa nitajitahidi.

Nilikwenda kwanza kwa Glafira, kwao, chumba kimoja kimejaa mvuke wa nguo na mama anayenitazama kama doa. Nikasema nilivyo. Nikasema sikumwona siku ile na simwoni hata sasa, namwona kama mtu aliye nyuma ya shuka. Glafira akasogea, akaweka mkono mbele ya uso wangu upande wa kushoto, akaniuliza vidole vingapi. Nikamwambia hata mkono siuoni. Mama yake ndiye aliyelia. Nikapewa chai.

Kesho yake, mazoezini, nikageuka nyuma kuitazama okestra, jambo nisilolifanya, nikawaambia wote, na wachezaji jukwaani wakisikia. Nilitaka kuanza na mzaha, nilikuwa nao mzuri, ukanikauka mdomoni. Nikasema tu: mimi ni kipofu, Glafira alicheza vizuri, mwendo mbaya ulikuwa wangu. Vojta akapenga kamasi kwa sauti ya tarumbeta. Mfaransa akasema, kumbe, nilidhani unanichukia mimi. Olimpiada alikasirika, akasema viatu vyake visitiwe katika kesi, halafu akaja akanibusu, akanitia poda usoni.

Ofisi walikuwa na adabu. Mwenye kushika fimbo yangu ameshapatikana, kijana, Mrusi, anasoma vitabu. Nikaomba onyesho moja la kuagia, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima yao, nusu ya pili ya Mpishi tu. Wakakataa. Wakasema, na kwa haki, ni mchezaji gani atakubali kumweka shingoni mwake mtu asiyeona?

Glafira akasema, "Mimi." Yule asiye na maneno. Akanigeukia. "Maestro, usinifuate. Wewe piga, mimi nitakufuata wewe."

Huelewi ni kitu gani alichosema, Tilla, nawe si wa kazi hii. Miaka yote hii nimekuwa mtumishi wa miguu ya watu. Ninangoja, nawahi, napunguza, nafunika makosa. Hakuna mchezaji hapa anayemfuata kiongozi. Ni kama bibi harusi kusema atashika mkia wa gauni la mshonaji.

Juzi akatoka mbele ya pazia, akainama. Nikamwinamishia kichwa, na safari hii niliomba Mungu. Alikuwa amevaa vile viatu vyake vya kitambaa, kwa hiyo sikumsikia hata mara moja. Hapakuwa na ko ya kunishika mkono. Nilipiga mwendo nilioutunga kwa ajili yake usiku wa kuamkia siku hiyo, mpana, wa kufungua shuka, nikampigia hewa tupu mbele yangu, kama mtu anayeandaa meza bila kujua kama mgeni yumo chumbani. Jasho lilinitoka mpaka fimbo ikateleza. Nilitaka kusimama. Kila kipimo nilitaka kusimama niulize, yupo? Ameanguka? Sikusimama.

Nilipopiga cha mwisho palikuwa kimya. Halafu nikahisi mkono unanishika bega, kutoka juu, kutoka jukwaani. Alikuwa amepiga magoti pale ukingoni. Akaniambia sikioni, kabla ya makofi, "Nilifika." Makofi sitakuelezea, utasema najisifu.

Amerudishwa safu ya pili, na Aprili atapewa sehemu yake mwenyewe.

Sasa mimi. Nitaondoka wiki mbili zijazo. Vojta anakwenda kwao, atanifikisha hadi Vienna na kunipandisha treni. Treviso kuna kubadilisha, wamesema mlinzi wa treni atanishika mkono. Nimevuka nchi hizo nikiwa kijana mwenye zumari na soksi moja, nikicheka njia nzima. Sasa nafikiria stesheni, ngazi zile, watu wanaopita, nisimjue nani ni nani.

Tilla, naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo, tazama kama nimelipatia.

Nitafika Cittadella Jumamosi ya tarehe 19 Machi ya kwenu, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, kwa treni ya mchana.

Evaristo


Cittadella, 9 Machi 1898

Risto,

Umelipatia.

Sote wazima. Viwavi bado ni mayai, nimeyafunga kwenye kitambaa kifuani kwangu yapate joto, kwa hiyo siku hiyo hutanikumbatia kwa nguvu.

Siku ya Mtakatifu Yosefu stesheni itajaa watu, kuna gulio. Sikiliza utakavyofanya. Ukishushwa, simama pale pale uliposhushwa. Usitembee. Usijifanye unasoma saa ya ukutani. Watu watakugonga, wakugonge. Mtu akikuuliza kama unahitaji msaada usimwambie wewe ni maestro wa Kaisari, mwambie unamngoja dada yako.

Mimi sitapunga mkono. Nitaita. Nitaita jina lako kwa sauti ile niliyokuwa nakuitia jioni ukiwa mtoni na chakula kimeiva, kinyozi asikie na gulio zima lisikie. Nitaita mpaka ugeuke.

Domitilla